Kona ya Fundi: Namba iliyogongwa chini ya fremu

Toleo lililopita niligusia baiskeli kuukuu za gia zinazoshushwa na makontena ya mitumba, zile za milimani za miaka ya themanini na tisini, nikasema namba iliyogongwa kwenye fremu inaweza kukwambia umri wake. Tangu hapo simu yangu hapa Ngamiani, Tanga, haijapoa. Nimechukua barua tano. Ya mwalimu wa Moshi nimeipa nafasi kubwa, maana ndani yake mna karibu kila kosa ambalo watu hulifanya na namba hizi, na mwalimu mwenyewe alikubali kufungua, kusafisha na kupiga picha kila nilichomwomba kwa wiki mbili nzima.

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Moshi. Januari nilinunua baiskeli ya gia kwa muuza mitumba. Ni Raleigh, fremu ya chuma, gia 18, rangi imebabuka na stika zimebanduka, imebaki nembo ya mbele tu. Muuzaji alisema ni ya 1997. Fundi wa mtaani kwetu akaigeuza, akasoma namba ya chini: G7 na tarakimu nyingine. Akasema G ni Giant, kwa hiyo imetengenezwa Taiwan na jina la Raleigh limebandikwa tu. Nani mkweli?"

Marahaba mwalimu. Fundi wenu hakubuni. Giant wako Taiwan tangu 1972, wametengenezea baiskeli makampuni mengi yenye majina mengine, na fremu zenye namba inayoanza na G zimepita mikononi mwangu nyingi. Mimi nilitaka kwanza kujua kama kweli G ndiyo inayoanza. Ndiyo maana nilikuomba picha.

Kwenye picha yako nikaona kile kipande cheusi cha plastiki kilichofungwa chini ya bomba la ekseli ya pedeli, ambamo waya mbili za gia hupita kwenda nyuma. Ukingo wake ulikuwa umeilalia namba. Kipande hicho kinashikwa na skrubu moja. Ulilegeza kama nilivyokuelekeza, bila kukata waya, ukakisogeza pembeni, na chini yake kulikuwa na uchafu wa miaka, mgumu kama lami.

Niwaeleze na wengine jinsi ninavyosoma namba, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Geuza baiskeli juu ya gunia, usukani na kiti viwe chini. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kiweke juu ya namba, kiache robo saa. Kisha sugua taratibu kwa mswaki wa zamani. Msasa usiuguse kabisa, wala brashi ya waya: namba imezama kwenye chuma kwa kina kidogo sana, na ukianza kukwangua unaondoa kingo za herufi, 3 inakuwa 8 na hairudi tena. Pakishakauka, paka vumbi la chaki kwa kidole, halafu futa mara moja kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na herufi zinatokea nyeupe. Mwangaza wa tochi utoke ubavuni, usimulike kutoka juu. Mwalimu hakukosa chaki, na picha yake ya pili ilikuwa safi kuliko nyingi ninazopiga mwenyewe.

Ikatokea N. Namba ya mwalimu haianzi na G, inaanza na NG7.

Raleigh wa Uingereza, kuanzia miaka ya mwanzo ya sabini, walikuwa na utaratibu wao. Herufi ya kwanza ni kiwanda, na N ni Nottingham, mji wenyewe wa Raleigh. Herufi ya pili ni mwezi. Tarakimu inayofuata ni mwisho wa mwaka. Zinazobaki ni foleni tu, baiskeli ya ngapi.

Sasa mwezi. Watu huhesabu kwa vidole: A Januari, B Februari, mpaka G, Julai. Hapana. Raleigh waliruka baadhi ya herufi. Mtiririko wao ni A Januari, B Februari, D Machi, E Aprili, G Mei, H Juni, K Julai, L Agosti, M Septemba, N Oktoba, P Novemba, S Desemba. Kwa hiyo fremu yako ni ya Mei. Na kama N ingeonekana ikiwa nafasi ya pili, ingekuwa Oktoba na wala si Nottingham, kwa hiyo nafasi ya herufi ina uzito sawa na herufi yenyewe.

Tumebaki na 7. Ni 1977, 1987 au 1997? Namba yenyewe haisemi. Hapa ndipo muuzaji wako alipochagua ile iliyo karibu zaidi, na simlaumu sana.

1977 tunaitoa kwa historia. Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, kwenye kaunti ya Marin, chini ya Mlima Tamalpais. Vijana wa pale walichukua baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene, wakawa wanashuka nazo mlimani kwa mashindano kuanzia 1976. Zilikuwa na breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, iliyo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba wakifika chini grisi yote ya habu imeungua na kutoka moshi. Ilibidi wafungue na kujaza grisi upya kila baada ya mteremko, na njia ile wakaiita Repack, yaani kujaza upya. Kila fundi aliyewahi kufungua habu ya aina hiyo anaijua harufu hiyo. Joe Breeze, mmoja wa vijana hao, alitengeneza fremu ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo mwaka 1977. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Stumpjumper ya kampuni ya Specialized, ilitoka 1981, nayo iliundwa Japani. Basi Mei 1977 Nottingham hawakuwa na baiskeli kama yako.

Kati ya 1987 na 1997 nikahitaji mashahidi wengine, na mashahidi wako kwenye vyuma vilivyofungwa juu ya fremu. Shimano, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli, waligonga herufi mbili ndogo kwenye vifaa vyao: nyuma ya mkono wa pedeli, upande wa ndani wa ule mkono wa gia wa nyuma, kwenye habu. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na wao hawakuruka kitu. A ni 1976, B ni 1977, hivyo hivyo mpaka Z ambayo ni 2001, kisha wakarudi A kwa 2002. Miezi ni A Januari mpaka L Desemba.

Mwalimu alinitumia hizi: mkono wa gia wa nyuma KL, mikono ya pedeli KK, habu ya mbele LA. Yaani Desemba 1986, Novemba 1986, Januari 1987. Vifaa vitatu vilitoka Japani ndani ya miezi mitatu, vikasafiri, vikasubiri kwenye rafu, vikafungwa kwenye fremu ya Mei 1987. Zikikaa karibu hivyo, na zote zikiwa nyuma kidogo ya mwezi wa fremu, ujue baiskeli bado ina vyuma ilivyozaliwa navyo. Kama fremu ingekuwa ya 1997, ni nani angekaa na vifaa miaka kumi ndipo avifunge?

Kulikuwa na kimoja cha tofauti: kile kinachosukuma cheni mbele kimeandikwa UD, Aprili 1996. Hicho kilibadilishwa huko Ulaya. Nadhani muuzaji alikiona hicho, akakioanisha na ile 7, akapata 1997. Hakudanganya, alimuuliza shahidi mmoja tu.

Nilimwomba pia apime kwa rula nafasi kati ya masikio mawili ya fremu yanayokamata gurudumu la nyuma. Akapata milimita 130. Baiskeli za milimani za katikati ya themanini zilikuwa na kipimo hicho. 135 kilienea kuanzia mwanzoni mwa tisini. Na gia zake 18 ni sproketi 3 za mbele mara 6 za nyuma. Baadaye zikaja 7 za nyuma, ndizo gia 21, kisha 8, gia 24. Msitumie hesabu hii peke yake, maana baiskeli za bei rahisi zimeendelea kufungwa 6 hadi leo. Breki vilevile: zako ni zile ambazo waya mmoja unashuka katikati na kugawanyika kushoto na kulia. Breki ndefu zilizosimama, ambazo wengi wenu mnaziita V, Shimano walizitoa 1996.

Kwa hiyo mwalimu, una Raleigh ya Nottingham, Mei 1987. Uliuliza pia kwenye simu kama ina thamani. Ulaya wapo wanaokusanya za umri huo, lakini bei wanayolipa inategemea aina na hali, na stika zako hazipo. Mimi naithamini kwa jambo jingine: ni fremu ya chuma iliyounganishwa kwa shaba, ukiipiga kwa kucha inalia, na ikipasuka yupo mtu Moshi wa kuiunga. Usikubali kubadilishiwa fremu hiyo kwa mpya ya dukani, hata wakuongezee pesa.

"Assalaam alaykum Fundi. Niko Unguja. Baskeli yangu ni Miyata ya milima, imetoka Japani, namba yake inaanza na P. Kwa chati ya Shimano niliyoipata, P ni 1991. Pia ina stika ya maandishi ya Kijapani na tarakimu, na watu wananambia huo ndio mwaka. Nifuate ipi?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Usifuate hata moja kati ya hizo mbili.

Chati ya Shimano ni ya vifaa vya Shimano. Miyata ni kiwanda kingine, cha tangu 1890, kilichoanzia kwenye kuunda bunduki, na wana alfabeti yao: A ni 1972, na ukiendelea bila kuruka unafika P kwa 1987. Tazama sasa jinsi herufi hiyo moja inavyobadilika. P ya Miyata ni 1987. P ya Shimano ni 1991. P ya Raleigh, ikiwa nafasi ya pili, ni Novemba. Ndiyo maana nikitumiwa herufi bila jina la kiwanda huwa sijibu, narudisha swali. Chati uliyonayo usiitupe: itazame tena kwenye mikono ya pedeli, na ukikuta herufi zinazoanza na K au L, tumekubaliana.

Stika ni usajili wa kuzuia wizi. Huko Japani kila baiskeli inatakiwa kusajiliwa, ni sheria tangu 1994, na stika inataja polisi wa mkoa husika na namba ya usajili. Haina uhusiano na mwaka wa kutengenezwa. Na usiogope kwamba stika kubaki maana yake imeibwa. Baiskeli zinazoachwa kwenye vituo vya treni huzolewa na halmashauri za miji, zisipochukuliwa baadhi huuzwa nje, na stika zake zinakuja nazo. Mimi sibandui. Ni sehemu ya safari yake.

"Fundi, mimi ni mwanafunzi wa ufundi Morogoro. Nimefungua baiskeli ya gia, nikakuta imeandikwa BC 1.37 x 24. Nimetafuta kila mahali sijapata mwaka wake."

Mwanangu, hiyo si namba ya baiskeli. Ni kipimo cha nyuzi za vikombe vinavyoshika gololi za ekseli ya pedeli: kipenyo inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi. Ni kipimo cha Kiingereza, na baiskeli nyingi sana za milimani unazozikuta ni za kipimo hicho. Lakini umefanya vizuri kukisoma, kwa sababu kinakwambia jambo moja kubwa kabla hujashika spana: kikombe cha kulia, upande wa cheni, kina nyuzi za kinyume. Kukifungua unazungusha kama unavyokaza. Nimeona bomba zimeharibiwa na vijana wenye nguvu waliozungusha upande waliouzoea, wakaongeza na bomba la maji kwenye spana. Namba ya baiskeli itafute nje, chini ya bomba hilohilo. Ikikosekana tazama masikio ya nyuma, bomba la kiti upande wa chini, na bomba la mbele lenye nembo.

"Habari za kazi kaka. Mimi ni Mtanzania, naishi Minnesota. Nimemnunulia kijana wangu wa miaka 12 baiskeli ya Cannondale ya alumini kwa jirani anayehama. Namba yake ni 20080691117. Nimeona 080691, nikaelewa ni tarehe 8 Juni 1991. Niko sahihi?"

Nzuri dada, karibu. Umekaribia kabisa. Cannondale wa zamani hizo ndio rahisi kuliko wote, namba yao ni kama kalenda. Ila ni Wamarekani, na wewe uliye huko unajua kwamba wao hutanguliza mwezi. 08 ni Agosti, 06 ni tarehe, 91 ni mwaka. Fremu yako ni ya tarehe 6 Agosti 1991, na 117 ya mwisho ni namba yake kwenye foleni.

Kinachonishughulisha mimi ni zile mbili za mwanzo ulizoziruka. 20 ni ukubwa wa fremu kwa inchi. Hiyo ni baiskeli ya mtu mzima mrefu, wa futi sita hivi. Kijana wa miaka 12 akisimama juu yake akiwa na miguu yote miwili chini, bomba la juu litamgusa pabaya, na akifunga breki ghafla ataumia. Msimamishe juu yake kabla hujamwachia barabarani. Kama hakuna nafasi ya kutosha vidole vinne kati yake na bomba, itunze mpaka arefuke, au ipande wewe au baba yake. Alumini haishiki kutu, itamsubiri. Lakini chunguza viungo vyote kwa tochi, hasa nyuma ya bomba la mbele: ukiona mstari mwembamba kama unywele kwenye welding, isipandwe na mtu yeyote. Chuma hujipinda kwanza na kukuonya, alumini huachia.

"Fundi, nimeuziwa baiskeli nzuri ya gia hapa Arusha kwa bei ya kushangaza. Nilipogeuza kusoma namba kama ulivyoandika, nikakuta pamesagwa kwa mashine na kupakwa rangi nyeusi. Kuna njia ya kuirudisha namba?"

Njia ipo, ila si kazi yangu wala yako. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini yake kinabanwa, na hata juu pakisagwa ule mbano unabaki ndani. Wataalamu wa uchunguzi wa polisi hupaka tindikali, na sehemu iliyobanwa inaliwa tofauti na jirani yake, namba ikajitokeza. Wewe ukijaribu kwa tindikali ya betri utaiharibu mara moja na kwa wote.

Kutu haisagi namba ikaacha mistari inayokwenda upande mmoja. Hilo ni jiwe la grainda, na aliyelishika alijua anachofuta. Usipake rangi juu yake, usibadilishe kitu. Kama muuzaji unamjua, mrudishie mbele ya mjumbe akupe pesa yako. Kama humjui, ipeleke kituoni pamoja na risiti au ujumbe wa malipo wa simu, ili jina lako liandikwe kama aliyeileta.

Nimekuwa mkali juu ya hili kwa sababu ya daftari langu. Kila baiskeli inayoingia kibandani kwangu naigeuza na kuandika namba yake kabla sijauliza ina tatizo gani: namba, rangi, jina la mwenyewe, tarehe. Nilianza baada ya baiskeli ya mteja kuibwa sokoni, na alipofika kituoni akaulizwa alama, akajibu nyekundu, ina keria. Nyekundu zenye keria zilikuwa kumi na moja uani pale, na akarudi nyumbani kwa miguu. Miaka michache baadaye muuza samaki mmoja aliibiwa ya kwake. Nikampa karatasi yenye namba, nimeinakili kutoka kwenye daftari. Jioni ileile alipita kibandani akiwa amepanda, tenga tupu nyuma, ile karatasi ameibana chini ya kengele.